Bado

Chumba changu hapa Malimbe kina dirisha moja
na picha ishirini za vibao vya udongo,
nimezibandika ukutani kwa uji wa sembe.
Karani wa kisiwa fulani, Bahari ya Kati,
alichora kwa ncha ya kijiti, udongo ungali mbichi:
sufu, mizani mitatu. Kondoo mia.
Tini za wanawake na watoto wao.
Mwaka huu. Mwaka jana.
Mwaka gani, hasemi.
Kwani nani, siku ile, hakuujua?

Hakuandika ili mimi nimsome.
Mwaka ukiisha vibao viliroweshwa, vikafinyangwa upya,
deni jipya juu ya udongo wa deni la zamani.
Halafu moto. Jumba likaungua, mafuta yakawaka ghalani,
na hesabu ya mwaka mmoja
ikaokwa kama chungu, ikadumu miaka elfu tatu na zaidi.
Tunayoyajua tumepewa na moto,
na moto haukukusudia kufundisha mtu.

"Chanzo chako ni kipi?" huniuliza Mwalimu Lugembe,
kalamu nyekundu mkononi.
Neno lenyewe hunichekesha, maana nakaa papo hapo.
Wayunani walibishana mto wa Misri unatoka wapi.
Kwenye theluji, walisema hawa.
Kwenye bahari izungukayo dunia, walisema wale.
Hakuna aliyesema: huko wanakoanika dagaa.
Walikuwa na mlango wa mto, wakatafuta chanzo.
Mimi nimezaliwa chanzoni, na bado
sijui maji haya huwaambia nini wakifika.

Kibao kimoja kina jozi ya ng'ombe wa jembe, kwa majina:
Madoa, na Miguu-Myeupe.
Hapo niliacha kusoma.
Babu kule Misungwi alilimia Dereva na Sitaki-Shari,
na Dereva ndiye aliyekuwa mvivu.

Mwaka ule ziwa lilipopanda hadi miguuni mwa meza za Mwaloni
daftari la mama lilikunywa maji.
Nililianika juu ya bati, kando ya dagaa,
hadi leo linanuka hivyo.
Mama hayupo. Wino umebaki nusu:

Jumatatu. Ng'washi ndoo 3. Bado.
Alhamisi. Yule wa Ukerewe, 11,000. Bado.
Ng'washi ndoo 2. Bado.

Jumatatu ipi, mama?
Wa Ukerewe yupi, na kisiwa kizima kilikuja kununua kwako?

Nikamwendea Ng'washi. Siku hizi anauza vitenge Makoroboi.
Hakukasirika. Alikunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena.
"Nililipa. Zote tano.
Siku ya mvua ya mawe, ile iliyoangusha mapapai ya kanisa.
Mama yako alikuwa na magamba hadi kwenye viwiko,
angeshika kalamu kwa mkono gani?"

Sikuwa na jibu. Nilinunua kitenge nisichokihitaji.

Kuna miaka, kama mia nne hivi, ambayo Wayunani hawakuandika.
Jumba liliungua, makarani wakapotea, herufi zikasahauliwa,
na vitabu vyetu huiita miaka ya giza.
Giza la nani? Nilikuwa juu ya bodaboda, narudi Malimbe,
nikawaza: humo watu walikopana ngano, wakalipana,
wakadanganyana pia,
mtu akasema "siku ile ya mvua ya mawe"
na kila aliyekuwapo akatikisa kichwa, naam, siku ile.
Giza ni letu sisi tuliochelewa kufika.

Usiku umeme ulikatika. Nikawasha simu,
nikachukua penseli, si kalamu.
Kando ya Bado ya kwanza nimeandika:
Amelipa, kwa kauli yake mwenyewe.
Nikaweka siku, mwezi, na mwaka,
mwaka wote, tarakimu nne,
kwa ajili ya yeyote atakayelianika daftari hili baada yangu.
Ile Bado ya mama nimeiacha.
Mkia wa herufi ya mwisho unashuka kidogo,
kama mtu aliyeitwa na mteja
kabla hajamaliza kuandika.